Kumnyamazisha Mtoto si Kumtuliza

Katika lugha yetu ya Kiswahili, mzazi akiambiwa, "Mnyamazishe mtoto," aweza kuelewa mambo mawili. Aweza kumbeba, akampapasa mgongo na kumsemesha taratibu mpaka kilio kikaisha chenyewe. Aweza pia kumkemea kwa sauti kubwa mpaka mtoto akaogopa kulia. Kwa jirani aliye upande wa pili wa ukuta matokeo ni sawa, maana kelele imekwisha. Kwa mtoto mwenyewe tofauti ni kubwa. Wa kwanza ametulizwa, na amejifunza kidogo jinsi ya kujituliza. Wa pili amefunzwa kuficha tu, na kile alichokificha bado kimo ndani yake.

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unaieleza tofauti hiyo. Tutaitazama kutoka Bujumbura, katika nchi jirani ya Burundi, kwa sababu huko wazazi wengi wana sababu nzito za kujua maana ya neno "nyamaza".

ENEO LA VIWANDA NA WATOTO WAKE

Msomaji aliyewahi kufika Bujumbura atalikumbuka eneo la viwanda, liitwalo kwa Kifaransa Zone Industrielle. Liko kaskazini-magharibi ya katikati ya mji, jirani na Ngagara, si mbali na bandari na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Humo mna maghala, karakana, viwanda vya sabuni na mafuta ya kupikia, na kiwanda cha bia na soda cha Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955. Ingawa tangu mwaka 2019 makao makuu ya kisiasa ya nchi ni Gitega, Bujumbura imebaki kuwa mji wa biashara na wa kazi za viwandani.

Wafanyakazi wa eneo hilo hutoka mitaa ya Ngagara, Cibitoke, Kinama na Kamenge, na pia Buyenzi, mtaa unaojulikana sana kwa Kiswahili chake. Baba au mama aendaye kazini alfajiri humwacha mtoto mdogo mikononi mwa dada yake mkubwa, au kwa nyanya, au kwa jirani. Katika miaka ya karibuni, hasa mwaka 2024, uhaba wa mafuta ya magari uliwalazimisha watu wengi wa jiji hilo kurudi nyumbani kwa miguu baada ya kazi ya kutwa nzima. Mzazi wa namna hiyo hufika mlangoni akiwa na njaa, uchovu na vumbi, na hapo ndipo mtoto aliyemngoja tangu asubuhi anapoanza kulia kwa jambo dogo kabisa. Kilio hicho mara nyingi hakina ukorofi ndani yake. Mtoto ameuvumilia upweke wa siku nzima, na sasa amemwona mtu anayemwamini, basi anautua mzigo wake.

Kuna na hofu ya mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliishukia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, ikabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 60. Mwezi wa Aprili 2020, mto Rusizi ulifurika Gatumba, magharibi ya jiji, na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Mtoto aliyepita katika msiba kama huo aweza kutetemeka kila asikiapo ngurumo, hata akiwa chini ya paa imara. Kumwambia mtoto huyo "acha ujinga" hakuiondoi hofu. Kunamfundisha tu kwamba hofu yake haina wa kuisikiliza.

NENO LILILOOKOA MAISHA

Hapana budi tuseme jambo moja kwa heshima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Burundi mwezi wa Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, viliendelea kwa zaidi ya miaka 10. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, lakini kundi la mwisho la wapiganaji liliweka silaha chini mwaka 2009. Katika miaka hiyo familia nyingi zilijificha vichakani na mashambani usiku. Mama aliyemwambia mwanawe "nyamaza" huku ameuziba mdomo wake kwa kiganja alikuwa akiyaokoa maisha ya wote. Neno hilo wakati huo lilikuwa ngao.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 5 mwaka 1993 sasa ni mtu mzima, na huenda ni mzazi, ni mfanyakazi wa kiwanda au ni askari. Alijifunza mapema kwamba kilio ni hatari. Basi mwanawe anapolia kwa sababu mwenzake amemnyang'anya gari lake la makopo, mwili wa mzazi hushtuka kama kwamba hatari imerudi, na neno lilelile hutoka: "Nyamaza!" Mzazi huyu hana roho mbaya. Anatumia silaha ya vita katika nyumba yenye amani.

Jambo hili haliwahusu Warundi peke yao. Katika nchi zetu zote za Maziwa Makuu yako maneno ya wazee yanayomtaka mwanamume asionyeshe uchungu. Huko Burundi na Rwanda husemwa kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Ni usemi wenye hekima yake, maana kiongozi wa nyumba hawezi kuanguka kila siku mbele ya watu. Lakini machozi yaliyojaa tumboni bila njia ya kutokea huweza kutoka kwa mlango mwingine, yakawa ulevi, usingizi wa taabu au mkono mwepesi wa kupiga. Utafiti mmoja uliofanywa Burundi na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu waliotendewa ukatili utotoni walikuwa katika hatari zaidi ya kuwatendea ukatili watoto wao wenyewe. Hata hivyo hatari si hukumu. Mzazi aliyeijua njia hiyo inakoelekea ana uwezo wa kugeuka.

UTULIVU HUAZIMWA KWANZA

Mtoto hazaliwi na uwezo wa kuitawala hasira au hofu yake. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humsaidia mtu kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, hukua polepole mno, na haikomai kabisa mpaka mtu apitapo umri wa miaka 20. Kwa hiyo kumtaka mtoto wa miaka 3 ajizuie kama mtu mzima ni sawa na kumtaka abebe gunia la mchele.

Mpaka nguvu hiyo ikue, mtoto huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alifanya jaribio ambalo limekuwa mashuhuri. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaombwa amtazame kwa dakika chache bila kutabasamu, bila kusema na bila kuonyesha hisia yoyote. Watoto walijaribu kumvuta mama kwa kicheko na kwa mikono. Waliposhindwa waligeuza nyuso zao na kuhangaika, na wengine wakalia. Hakuna aliyewapiga wala kuwakemea. Uso usiojibu ulitosha kuwavuruga.

Faida ya kulijenga jambo hili mapema ni kubwa. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, wataalamu wamewafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wale waliokuwa na uwezo mkubwa wa kujitawala walipokuwa wadogo walifika umri wa miaka 32 wakiwa na afya bora zaidi, fedha zilizotunzwa vizuri zaidi, na makosa machache zaidi mbele ya sheria. Na waliouongeza uwezo huo njiani walifaidika pia. Hii maana yake ni kwamba kujitawala kwaweza kufundishwa.

ASKARI ANALIJUA SOMO HILI

Ndugu zetu askari na polisi wanaifahamu kanuni hii kuliko watu wengi. Kuruta hafundishwi kuitawala hofu yake siku ya mapambano. Hufundishwa uwanjani, wakati wa amani, kwa kurudiarudia zoezi lilelile mpaka mwili uzoee. Kadhalika mtoto hafundishwi kuitawala hasira akiwa katikati ya hasira. Wakati huo masikio yake hayapokei somo. Hufundishwa jioni, ameshakula, ametulia, naye anacheza.

Haya ni mazoezi machache yasiyohitaji fedha:

Kwanza, ni kuzipa hisia majina. Kiswahili ni tajiri kwa maneno haya: hasira, huzuni, hofu, wivu, aibu, upweke, kinyongo, hamu. Mtoto ajuaye neno moja tu, "nimekasirika", hulitumia hata alipo na aibu au njaa. Mzazi na amsaidie: "Naona umeona wivu kwa sababu mdogo wako amebebwa." Hisia iliyopata jina hupungua ukali, nayo huweza kuzungumzwa.

Pili, ni kupumua. Mwambie mtoto ajifanye ameshika kikombe cha uji wa moto. Aunuse uji polepole kwa pua, kisha aupulize kwa mdomo ili upoe, na kupuliza kuwe kurefu kuliko kunusa. Afanye mara 5. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguza mwendo wa moyo. Chezeni mchezo huu kila siku kabla ya kulala, ili siku ya dhoruba mtoto awe ameuzoea.

Tatu, ni michezo ya kusimama na kwenda. Mzazi apige ngoma juu ya jerikeni tupu, na watoto wacheze. Ngoma ikiwa ya haraka wakimbie, ikiwa ya polepole watembee, ikinyamaza wasimame kama sanamu. Mtoto hucheka, na huku akicheka anajifunza kuuzuia mwili wake.

Nne, ni ratiba. Mtoto aliyelala vya kutosha na kula kwa wakati huvumilia mengi zaidi. Mtoto wa umri wa kwenda shule ya msingi ahitaji usingizi wa saa 9 hata 12 kwa usiku mmoja. Vilio vingi vya jioni tunavyoviita ukaidi ni njaa na usingizi.

Tano, ni dakika za mwanzo. Mzazi arudiye kutoka kiwandani au kambini, kabla hajauliza habari za maji na kuni, akae na mtoto kwa dakika 10. Amsikilize na kumshika. Dakika hizo 10 huokoa saa nzima ya vurugu baadaye.

HASIRA SI KOSA, KUPIGA NI KOSA

Wako watakaosema kwamba malezi haya yatazaa watoto legelege wasio na adabu. Hoja hii yafaa ijibiwe. Kumtuliza mtoto si kumpa kila akitakacho. Mtoto aweza kukatazwa jambo na bado akatulizwa. "Hutapata soda leo. Najua umeumia. Njoo ukae nami." Katazo limebaki pale pale, na mtoto hakuachwa peke yake na uchungu wake.

Sheria ya nyumbani iwe wazi: hisia zote zinaruhusiwa, lakini si matendo yote. Mtoto aliyempiga mwenzake azuiwe mara moja, mkono wake ushikwe kwa nguvu ya kiasi bila kumuumiza, na aambiwe kwa maneno machache, "Sitakuacha umpige." Akishatulia, aulizwe kilichotokea, kisha atengeneze alichoharibu: aombe radhi, arudishe alichochukua, afute maji aliyomwaga. Hiyo ndiyo nidhamu ya kweli, maana inamfundisha mtoto kuyajibu matendo yake. Mtoto apigwaye ili aache kupiga hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, naye hungoja siku atakapokuwa na nguvu.

Umri nao uzingatiwe. Mtoto mchanga hulia zaidi afikishapo majuma 6 hivi, kisha hupungua kadiri miezi inavyopita. Asitikiswe kamwe, maana kutikiswa kwaweza kuuumiza ubongo wake hata kumwua. Mama aliyechoka kupita kiasi amlaze mtoto mahali salama, atoke nje kidogo, apumue, kisha arudi. Mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 3 hujitupa chini kwa sababu matakwa yake ni mengi na maneno yake ni machache. Kaa karibu, ondoa vitu vya hatari, sema kidogo. Kijana wa miaka 13 hapendi kuhojiwa uso kwa uso mbele ya wadogo zake. Huyu husema zaidi mkitembea pamoja, mkiosha baiskeli au mkichambua maharage, macho yakiwa kwenye kazi.

USIMTISHE KWA POLISI

Kuna desturi moja ambayo kina mama na kina baba wengi wanayo bila kuifikiria. Mtoto akilia huambiwa, "Nyamaza, polisi anakuja!" au "Nitamwita askari akuchukue!" Tuitazame hasara yake. Mtoto aliyepotea sokoni, au aliyekutwa na mtu mwovu njiani, ahitaji kumkimbilia polisi. Ikiwa miaka yote ameambiwa kwamba polisi ndiye mchukuaji wa watoto, atajificha asimwone. Nao watoto wa askari na wa polisi, wasikiapo maneno hayo kwa majirani, humwona baba yao kuwa zimwi la mtaa.

Jambo lililo jirani na hilo ni la mama asemaye, "Ngoja baba yako arudi!" Kwa maneno hayo kurudi kwa baba, ambako kungekuwa furaha, kumefanywa kuwa adhabu.

BABA ANAPORUDI KUTOKA MBALI

Tangu Desemba 2007 majeshi ya Burundi yalishiriki katika kulinda amani nchini Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na ushiriki huo ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Kwa takriban miaka 17, maelfu ya watoto wa Bujumbura na mikoani waliishi miezi mingi wakimwona baba katika picha tu, au wakiisikia sauti yake katika simu. Wengine walimpoteza kabisa. Familia za askari wa Uganda na wa Kenya wanaijua hali hiyo vilevile.

Baba arudipo, mtoto wa miaka 2 aweza kumkimbia na kujificha nyuma ya mama. Jambo hili humuumiza askari moyoni, lakini asilichukue kuwa dharau. Mtoto hamkumbuki, au anamkumbuka na ana kinyongo kwamba aliachwa. Baba asimvute kwa nguvu. Akae chini, awe katika kimo cha mtoto, acheze na kitu fulani taratibu, angoje mtoto asogee mwenyewe. Siku ya 3 au ya 4 mambo huwa mengine.

Mtoto mkubwa naye huenda alikuwa "mwanamume wa nyumba" wakati baba hayupo, akachota maji na kuwalinda wadogo. Baba asimnyang'anye heshima hiyo kwa siku moja. Amshukuru kwanza.

Na askari mwenyewe, aliyeona mambo mazito, huenda akarudi na uso usiojibu, kama ule wa jaribio tulilolieleza. Anakaa kimya, anashtuka kwa kishindo cha mlango, anakasirika upesi. Mtoto huona, na asipoelezwa hudhani kosa ni lake. Hahitaji kusimuliwa habari za vita. Yatosha kuambiwa, "Baba amechoka leo, nawe hukukosa chochote. Nikishapumzika tutacheza." Maneno hayo machache humwondolea mtoto mzigo mkubwa, na humwonyesha kwamba hata mtu shujaa huijua hisia yake na kuitaja. Askari ambaye usingizi wake umeharibika kwa miezi, au aionaye hasira yake ikimshinda, amwone mganga wa kikosi. Kutafuta tiba ya jeraha lisiloonekana ni sawa na kutafuta tiba ya jeraha la risasi.

SHULE PEKE YAKE HAITOSHI

Pengine msomaji atauliza, je, kazi hii haiwezi kufanywa na walimu? Huko Burundi jambo hilo lilijaribiwa. Watoto 329 wa umri wa miaka 8 hadi 17 katika maeneo yaliyoathiriwa na vita walihusishwa katika uchunguzi ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Baadhi yao walipewa shuleni vipindi 15 vya michezo, michoro, maigizo na mazungumzo, kwa muda wa majuma 5. Kwa jumla, vipindi hivyo peke yake havikuleta nafuu kubwa kuliko kwa wale waliokuwa wakingoja zamu yao. Lakini walipochunguzwa kwa makundi, watoto walioishi na wazazi wote wawili, na wale wa nyumba zenye watu wengi, walionekana kunufaika zaidi.

Somo hilo ni zito. Mbegu ya shule huota vizuri zaidi penye udongo wa nyumbani. Na nyumba si lazima iwe na baba na mama peke yao. Nyanya, shangazi, mjomba au dada mkubwa aliye mtulivu huweza kuwa mtu ambaye mtoto anaazima utulivu kwake. Ajuaye kwamba mtoto wa jirani hana mtu wa namna hiyo, na awe yeye.

DALILI ZA KUTAFUTA MSAADA

Hisia nyingi za watoto hupita. Lakini zikionekana dalili hizi kwa zaidi ya mwezi mmoja, mtoto apelekwe kituo cha afya: ndoto za kutisha kila usiku, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kutotaka kucheza wala kula, kushtuka kwa kila kishindo, au hasira inayowaumiza wengine. Akizungumza juu ya kufa au akijiumiza mwenyewe, asingojewe hata siku moja. Huko Bujumbura iko hospitali ya maradhi ya akili ya Kamenge, kaskazini mwa jiji. Kwingineko hospitali za wilaya na za mikoa, na waganga wa vikosi, huweza kuelekeza familia mahali panapofaa.

Wazazi wenzetu, wengi wetu tulilelewa kwa neno "nyamaza", nao waliotulea hawakutuchukia. Walitupa walichokuwa nacho katika nyakati zao. Nyakati zimebadilika, na watoto wetu wahitaji neno lingine. Leo jioni, mtoto atakapolia, jaribu kwanza kumwambia, "Niambie," kisha ukae umsikilize.